Yule Mwanamke Ninayemlipa Lodwar

Lodwar,
Januari 2013.

Kwako Mama Metrine,

Nakusalimu kwanza hata kama umenikasirikia, maana salamu haina kosa. Mmeamkaje huko Kiminini? Kifua cha mama kimetulia, au bado anakohoa alfajiri mpaka kuku wanashtuka? Metrine amerudi shule? Na Wanjala, lile jino limeng'oka au bado analichezea kwa ulimi? Mimi ni mzima wa kutembea na wa kula. Kuna uzima mwingine sina, na huo ndio ninaotaka kukueleza.

Barua hii inakuja na lori la samaki wa Kalokol, kwa hiyo ikinuka samaki usishangae. Dereva ni mtu wa kwetu, nimemwomba aiweke mkononi mwako wewe, si kwa kaka yako wala kwa mama. Ikifika, nenda nayo mahali ukae peke yako. Si ya kusomea jikoni.

Ninaandika kwa sababu simu imenishinda. Siku ile uliyonipigia nilikuwa juu ya jengo tunalopiga plasta, upepo unavuma, mafundi wanapiga kelele. Ukaniuliza, "Baba Metrine, huyo mwanamke unayemlipa Lodwar ni nani?" Nikasema ni daktari. Ukasema, "Daktari wa nini?" Nikanyamaza. Sikuwa nakukatia simu. Nilikuwa natafuta neno, na kabla sijalipata simu yako ikaishiwa pesa. Kesho yake akapiga kaka yako Simiyu, na yeye hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba uchaguzi ukipita kabla hajaniona nyumbani, atakuja na ile pikapu yake ya nyama awachukue wewe na watoto awarudishe kwenu. Tangu siku hiyo hupokei simu yangu.

Basi jibu ni hili. Ni kweli namlipa mwanamke. Ni kweli tunaingia chumbani, mlango unafungwa, tunakaa saa nzima, natoka macho mekundu. Barasa, mwenzetu wa kazi kule Kakuma, alipokuja likizo akakuambia, hakudanganya alichokiona. Lakini hakujua alikuwa anaona nini, na mimi sikumwambia. Sasa nakuambia wewe.

Unakumbuka nilikupigia mwaka jana nikakuambia mwenzangu wa kazi amekufa shimoni. Nilisema hivyo tu. Wewe ukasema pole, nikasema asante, tukaendelea na habari ya karo. Sikukuambia hata jina lake. Aliitwa Ewoi, Mturkana wa upande wa Lokitaung, na nilichimba naye vyoo kule kambini Kakuma tangu nilipofika.

Shimo linachimbwa na watu wawili. Mmoja yuko chini na jembe la mpini mfupi na mtaimbo, mwingine yuko juu na kamba, anavuta ndoo ya mchanga, anamwaga, anairudisha. Mkichoka mnabadilishana. Mkandarasi analipa kwa futi, na futi ambayo haijatimia haihesabiwi. Kwa hiyo sisi watu wa futi tunakimbia. Magogo ya kuzuia kuta tunajua yanawekwaje, lakini kuyaweka hakulipwi, na siku inayoisha ukipanga magogo ni siku ya kulala njaa. Ndivyo kazi ilivyo, na kila mtu anayeichimba anaijua hivyo.

Ewoi alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa mwembamba kama mti wa hema, na alinicheka ninavyokula ugali. "Wewe Wafula, tumbo yako ni shimo ya tatu," anasema. "Hiyo nani atalipa futi yake?" Alinifundisha kusalimia kwao, ejok, na nikiisema vibaya ananiambia nimemsalimia ngamia. Nilikaa na mtu huyo kuliko nilivyokaa na wewe katika miaka ile, na sisemi hivyo kukuumiza. Nasema ujue ni nani.

Alikufa shimo likiwa linakaribia mwisho. Ukuta wa upande mmoja ulimwaga mchanga ukamfunika. Jinsi ilivyokuwa nitakuandikia hapo mbele, nikifika. Niache kwanza nifike.

Tulipokwisha kumzika nilirudi kazini na mtu mwingine, na ndipo nikajua nimeharibika. Nikishika kamba, ikikaza tu, vidole vinafunguka vyenyewe. Sivifungui mimi. Naviangalia vikifunguka kama vidole vya mtu mwingine. Ndoo ya kwanza iliporomoka ikapita karibu na bega la yule wa chini. Akapanda juu, akaniangalia, akasema, "Ndugu, mimi nina watoto." Akachukua jembe lake akaenda. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Usingizi nao ulikuwa umeondoka. Chakula kilikuwa na mchanga mdomoni hata kama hakina. Lori likipita, ardhi ikitetemeka kidogo, najikuta nimesimama nje na sijui nimetokaje. Wenzangu wakaanza kusema Wafula amerogwa. Msimamizi akaniambia niende hospitali nikapime mikono, na kama mikono ni mibovu niseme mapema atafute mtu.

Hospitali, muuguzi alinibonyeza kidole kimoja kimoja, akanipima damu, akaniambia nishike mkono wake nikaze. Nikakaza mpaka akasema basi. "Mikono ni mizima," akasema. "Kinachouma kiko kwingine." Akaniuliza kama kuna jambo limenipata. Nikamwambia kwa maneno machache. Akasema kuna watu ambao kazi yao ni kuongea na mtu aliyepatwa na jambo kama hilo, wanaitwa makaunsela, na pale kambini wako.

Nikaenda. Mlinzi wa mlangoni alikuwa Mkongo mmoja mzee. Akaniuliza kadi. Nikamwambia sina, mimi ni Mkenya. Akanisikitikia kweli. "Papa, hii ya bure ni ya wakimbizi," akasema. "Weye uko na inchi yako." Nikacheka peke yangu pale mlangoni mpaka akasogea nyuma.

Ndiyo maana nikaja Lodwar, kwa kaunsela wa kulipwa. Mwenye inchi yake hulipa.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya duka la dawa. Kina viti vitatu, feni ambayo inasimama umeme ukipotea, saa ukutani, na karatasi laini za kufutia uso juu ya meza ndogo. Hakuna kitanda, Mama Metrine. Mwambie Simiyu hivyo. Mwanamke mwenyewe anaitwa Madam Akai, Mturkana, ana umri wa shangazi yako wa Webuye na miwani mizito kama yake. Alinisalimia, akaniambia nichague kiti. Nikachagua cha karibu na mlango. Akaacha mlango wazi kidogo mpaka nilipomwambia aufunge mwenyewe.

Mimi nilidhani nitadungwa sindano. Au nitaombewa. Nilikuwa nimekunja mkono wa shati tayari. Akaniambia hana sindano. Akasema kazi yake ni kunisikiliza na kuniuliza, na kunisaidia nijue kinachonifanyia hivyo. Akasema tutakayosema hayatoki pale, isipokuwa akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Hapo atatafuta msaada, na mimi ataniambia kwanza. Halafu akaniuliza kama mtu anavyouliza bei ya sukari, "Unawaza kujiua?"

Hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia nimewaza, siku moja, nikiwa nimesimama juu ya shimo. Hakuruka kitini. Aliitikia kwa kichwa tu, akauliza na leo je. Nikasema leo hapana. Akasema nikianza tena kuwaza nisingoje siku yetu, nije. Sikuwa nimekuambia hilo. Sasa unajua.

Tukafika kwenye malipo, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa watu wa kazi yetu. Nilimuuliza, "Madam, kumaliza kazi yote ni pesa ngapi?"

"Kazi gani?"

"Hii yangu. Mpaka vidole vishike."

Akasema hawezi kupatana hivyo. Watu hulipa kwa kikao, kila mara unapokuja, na hajui itachukua vikao vingapi.

"Basi ni kibarua cha siku," nikamwambia. "Mimi nakijua kibarua cha siku. Mtu analipwa kwa siku anavuta kazi mpaka Krismasi."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Na wewe unalipwa vipi?"

"Kwa futi."

"Na mtu wa futi anafanya kazi vipi?"

"Anakimbia."

Akaacha kucheka. Alisema bei yake ni mia tano. Nikasema nina mia tatu. Akasema tuanze na mia tatu, na wiki ambayo sina nije niseme sina, kuliko kupotea. Nilimwona mjanja. Nikajiambia mwanamke huyu anataka kunifuga, nije na kuja kama ng'ombe wa maziwa. Nikaamua kumshinda. Nitasema yote leo, nimalize, nilipe mara moja, nirudi Kakuma.

Nikasema. Sijawahi kusema hivyo maishani. Nilimwaga tangu asubuhi ya siku ile mpaka kaburini, bila kupumua. Aliinua mkono mara nyingi. "Pole pole, Wafula. Hatumalizi leo." Kila akisema hivyo nazidi kukimbia, maana nilijua anavuta kazi. Aliniambia nikanyage sakafu, nimwambie naona nini chumbani. Nikamwambia naona saa, na inakimbia. Nikamaliza. Nikaweka mia tatu mezani nikatoka kama mtu aliyemdhulumu mkandarasi.

Sikufika mbali. Pale laga ya Kawalase, ule mto usio na maji, nilishindwa kuendelea. Nilikaa kwenye mchanga mkavu, nikatapika, nikasikia mchanga ukipanda kifuani, nikaanza kuuparua kwa mikono nikijua kabisa kwamba niko nje na jua linaniona. Mama mmoja muuza makaa alitua gunia lake akanimwagia maji kichwani, na hapa maji si kitu cha kumwaga. Akasema neno kwa Kiturkana ambalo sikulielewa, akakaa nami mpaka nikasimama.

Wiki ile ilikuwa mbaya kuliko zote. Nilimwona Ewoi kila nilipofumba macho. Kwa hiyo nilirudi kwa Madam Akai, lakini unajua nilirudia nini? Kurudishiwa pesa yangu. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Madam, kazi haikushika. Umeniharibu zaidi. Nipe mia tatu yangu."

"Ingia ukae," akasema. "Ukitoka bado unaitaka, nitakupa."

Nikakaa. Nilitegemea aniombe msamaha au anigombeze. Akaniambia kwamba wengi huwa hivyo mwanzoni, na kwamba alipaswa kunikatiza kwa nguvu zaidi siku ile, kosa hilo ni lake. Siku hiyo hatukugusa habari za Ewoi. Akaniuliza, "Kama hakuna haraka, kama unalipwa uchimbe vizuri tu, shimo kwenye mchanga kama ule ungelichimbaje?"

Nikamweleza. Unachimba kidogo, unasimamisha magogo, unaweka mbao nyuma yake. Unatoka. Unaiacha ardhi ikae, unaiangalia kama imetulia au inatiririka. Kesho unaongeza kidogo. Ukiona mchanga unalia pembeni hushuki, hata kama mkandarasi anapiga kelele. Nilieleza kwa mikono, nikamchorea hewani. Halafu nikafika mahali nikanyamaza, kwa sababu nilisikia ninachosema. Feni ilikuwa imesimama. Tulikaa hivyo, na saa ilipotimia aliniuliza kama bado nataka mia tatu. Nikatoa nyingine.

Tangu siku hiyo tunakwenda kwa magogo. Kuna siku tunasema kidogo sana. Kuna vikao ambavyo nimelipa kwa ajili ya kunyamaza, nikatoka nikijiuliza kama nina akili. Ananipa kazi za kufanya, kama za mtoto: kupumua polepole nikihesabu, kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili na kusema kina joto gani, kukanyaga chini kwa nguvu lori linapopita. Alileta kamba siku moja, kipande kifupi, akaiweka mezani tu. Tukaiangalia saa nzima. Mara nyingine akaniambia niiguse nikitaka. Sikutaka. Hakunilazimisha. Usifikiri ni muujiza. Usingizi umerudi nusu. Nashika beleshi, nashika toroli. Kamba bado.

Na kwa kuwa kamba bado, shimo siwezi, ndiyo maana nilihamia hapa Lodwar kukoroga mchanga na simiti kwa mafundi wa plasta. Kibarua hiki hakifiki nusu ya kile cha shimo. Nakuambia hivyo kwa sababu najua unapiga hesabu, kwamba pesa za nyumbani zimepungua kwa sababu ya mwanamke. Ni kweli anapata sehemu, na ni sehemu ambayo ingekuwa ya sukari na sabuni zenu. Sitaki kuificha. Lakini kilichokula pesa ni vidole vyangu, na yeye ndiye ninayemlipa virudi.

Barasa alinikuta natoka pale. Alikuwa amekuja Lodwar kununua misumari. Aliona mwanamke ananisindikiza mlangoni, akaniona napangusa uso. "Aaa, Baba Metrine," akasema, "kumbe umepata mtu wa Ijumaa. Na analiza hivi?" Nikamwambia si hivyo. "Si hivyo ni vipi basi?" Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema naenda kwa kaunsela, Kakuma yote itasikia kwamba Wafula ana ugonjwa wa kichwa, na mtu mwenye ugonjwa wa kichwa hapewi kamba ya mwenzake mpaka anakufa. Hata vidole vikipona hakuna atakayeshuka mbele yangu. Nikarudia tu kwamba si hivyo. Na ukikataa jambo bila kusema ni nini, watu wanakujazia wenyewe. Barasa akacheka mpaka stendi, na kicheko hicho ndicho alichokuja nacho nyumbani.

Wiki iliyopita nilimweleza Madam Akai habari ya simu yako na ya Simiyu. Nilitaka anipe maneno ya kukujibu. Akasema hayo maneno hana, ninayo mimi. Akaniuliza, "Huko nyumbani nani anajua Ewoi alivyokufa?"

"Wanajua amekufa."

"Sikuuliza hivyo."

Nikasema hakuna. Akauliza ningetaka nani ajue. Nikataja jina lako, lile la kwenu, Nekesa, ambalo sijalitamka tangu Metrine azaliwe. Kwa hiyo sasa nimefika pale niliposema nitafika. Kama kuna mtu karibu yako, ngoja aondoke.

Jua lilikuwa kali. Nilimwita Ewoi apande, zamu yangu ilikuwa imefika. Akasema, "Ngoja nimalize hii futi." Ilibaki kidogo, na ukipanda kabla haijatimia, anayepima anakuandikia ile ya nyuma. Nikangoja. Kamba ilikuwa mkononi, ncha ya chini iko kwake. Nikasikia sauti kama mtu anamwaga mtama kutoka kwenye gunia. Nilipoinama sikumwona. Palikuwa na mchanga tu, na kamba imesimama imeingia ndani yake.

Nikavuta. Na, Mama Metrine, kamba ilivutwa. Alikuwa ameishika kule chini. Nilimsikia mikononi mwangu kama ninavyokusikia wewe ukinishika. Alivuta, nikavuta. Akavuta tena. Nilipiga kelele watu waje, nikavuta mpaka ngozi ya viganja ikatoka, na yeye bado anavuta, lakini kila mara kidogo kuliko ile ya kwanza. Halafu akaacha. Kamba ikalegea, ikapanda juu peke yake.

Walikuja watu wengi wakachimba. Walipomfikia jua lilikuwa limezama. Polisi waliuliza, nikasema alikufa papo hapo. Mkandarasi akauliza, nikasema papo hapo. Mama yake alikuja kutoka Lokitaung, mwanamke mrefu mwenye shanga mpaka kidevuni, akanishika mikono hii yenye vidonda akauliza kwa mkalimani kama mwanawe aliteseka. Nikasema papo hapo. Sitabadilisha jibu la mama yule. Lakini mtu mmoja wa nyumbani kwangu ajue kwamba haikuwa papo hapo.

Ile futi haijalipwa mpaka leo.

Nilipomweleza Madam Akai hayo kwa mara ya pili, polepole, alivua miwani tena, na safari hii hakuwa anacheka. Baadaye akasema, "Vidole vyako vimekataa kumsikia mtu mwingine akiachia." Sijui kama ni hivyo. Nimelifikiria sana neno hilo nikikoroga simiti. Niliondoka siku ile sikutapika. Nilikwenda nikanunua chai, nikakaa.

Sasa nakuja kwenye ninachotaka kwako. Sikuombi unisamehe habari ya mwanamke, maana hakuna mwanamke. Sikuombi hata uniamini kwa barua, kwa sababu barua ningeweza kuandika chochote. Nilimuuliza Madam Akai kama mtu anaweza kuja na mkewe. Akasema anaweza, akitaka mwenyewe, si kwa kuburutwa. Nikamuuliza, kama nilivyozoea, bei itapanda kiasi gani. Akasema kikao ni kikao. Wakija wawili bei ni ile ile.

Dereva atakupa bahasha nyingine ndogo. Ni nauli. Watoto wabaki na mama wiki moja. Panda basi pale Kitale, ushuke Lodwar. Hapa watu husema anayetoka huko katoka Kenya, kwa hiyo wakikuambia karibu kutoka Kenya usicheke. Ukifika Kalemng'orok nunua maji, baada ya hapo joto litakuzoea lenyewe. Nitakuwa stendi. Utamwona mwanamke huyo kwa macho yako, na ukitaka kumuuliza lolote juu yangu, muulize nikiwa nimekaa hapo hapo. Kiti cha karibu na mlango ni changu. Cha pili ni chako. Cha tatu anakaa yeye.

Mwambie Simiyu asome akitaka, lakini si ule ukurasa wa kamba. Kama amekwisha kuwachukua, basi barua hii itakufuata huko, na nauli iliyo kwenye ile bahasha ni ya kuja huku. Usiirudishe. Na kama hutakuja, nitakwenda Ijumaa kama kawaida, nitalipa mia tatu, na nitamwambia kwamba nilikuandikia. Hilo nalo atauliza.

Nisalimie mama, umwambie kikohozi asikinywee chumvi, aende kwa daktari. Nisalimie binti yetu, na yule mdogo mwenye jino. Nisalimie kaka yako hata kama hataki salamu zangu. Alichosema ndicho ambacho na mimi ningemfanyia dada yangu. Barasa mwambie misumari aliyonunua ilikuwa ya bei ghali.

Nimeandika barua hii kwa siku kadhaa, wakati wa mapumziko, kalamu ya kuazima kwa fundi. Mkono ulikuwa sawa kote isipokuwa pale nilipokuwa naandika habari ya kamba. Utapaona mwenyewe, mwandiko umelala. Sikuachia kalamu.

Ni mimi mume wako,
Wafula, Baba Metrine.